Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kujifunza Uboreshaji wa Huduma za Afya Ukiwa Kazini

Ukurasa huu ni wa watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Dodoma, Singida na maeneo ya jirani: walioambiwa "fanyeni QI" (yaani uboreshaji wa ubora wa huduma), wakapewa fomu, na sasa hawajui pa kuanzia. Maswali ni yale yanayorudi kila mafunzo. Mfano wa zahanati unaojirudia humu ni wa kufundishia, na namba zake tumezitunga, ila shida zilizomo mtazitambua.

Kuboresha huduma ni kufanya nini hasa?

Unachagua jambo moja lisiloenda sawa, unalipima, unabadilisha namna kazi inavyofanyika, halafu unapima tena uone kama umepata kitu. Ukiacha kupima, umebaki na hamasa. Ukipima bila kubadilisha kazi, umefanya ukaguzi.

Kazi yote inaongozwa na maswali matatu. Tunataka kufikia nini? Tutajuaje kwamba mabadiliko yameleta nafuu? Tubadilishe nini? Yakijibiwa, unaingia kwenye mzunguko wa PDSA: panga, tekeleza, chunguza, chukua hatua. Asili yake ni viwandani. Walter Shewhart alichora chati yake ya kwanza ya kudhibiti ubora mwaka 1924, akiwa kwenye kampuni ya simu huko Marekani. Mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming akaenda kuyafundisha mawazo hayo Japani mwaka 1950. Hospitali zilikuja kuyachukua baadaye sana.

5S, Kaizen na PDSA ni vitu tofauti? Nianze na kipi?

Tanzania tulianza kuzisikia 5S na Kaizen kwenye afya mwaka 2007 kwa ushirikiano na Japani, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ndiyo iliyokuwa ya mfano. S tano kwa Kiswahili ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hizi zinapanga mahali pa kazi. Kaizen inatatua tatizo la kazi yenyewe kwa hatua ndogo ndogo. PDSA ni namna ya kulijaribu wazo kabla ya kulieneza. Kwa hiyo hazigombani: PDSA unaweza kuitumia ndani ya Kaizen, na Kaizen ni ngumu kuifanya kwenye chumba ambacho mtu anatafuta lanseti (kisindano cha kutoboa kidole) dakika kumi.

Ushauri wetu ni kuanza na 5S kwenye chumba kimoja kwa wiki mbili, kisha muingie kwenye tatizo moja la huduma. Msianze na jengo zima. Mkianza na jengo zima mtapaka rangi, mtabandika lebo, mtapiga picha, na baada ya miezi mitatu katoni zitakuwa zimerudi chini ya meza.

Mbona 5S kwetu hufa baada ya muda mfupi?

Kwa sababu wengi huishia S ya tatu. Kusasambua, kuseti na kusafisha vinaonekana kwa macho na vinakwisha kwa siku mbili. Sanifisha ndiyo inayohitaji kichwa: mnakubaliana namna moja ya kufanya, mnaiandika, na mnaiweka pale pale kazi inapofanyika.

Chukua ndoo ya klorini. Dawa ya kuua vijidudu ya asilimia 0.5 inapatikana kwa kugawa nguvu ya dawa iliyo kwenye chupa kwa 0.5, kisha kutoa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 3.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, unabaki na 6. Kwa hiyo kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji. Chupa ya asilimia 5 inataka vikombe tisa. Lebo ya "1:6" iliyobandikwa ukutani tangu mwaka juzi inakuwa uongo siku mnaponunua chupa ya nguvu nyingine, na hakuna anayegundua. Lebo iliyosanifishwa vizuri ina nguvu ya chupa, hesabu ya vikombe, saa ilipochanganywa na jina la aliyechanganya. Ichanganywe upya kila siku, au mapema zaidi ikichafuka.

Shikilia haina uchawi. Ni orodha fupi ya kukagua, mambo yasiyozidi kumi, mtu mmoja kila Ijumaa, kwa zamu, akikagua chumba ambacho si chake. Na kwa vumbi la Dodoma la Septemba na Oktoba, ratiba ya kusafisha ya mwezi wa Machi haitatosha. Iandikeni upya kwa msimu.

Timu iwe na watu wangapi?

Watano hadi wanane. Hospitali kwa kawaida ina timu kuu ya uboreshaji, na kila kitengo kina kikundi chake cha kazi. Zahanati yenye watumishi watatu haina haja ya kuiga muundo huo: wote watatu wamo, mnamwongeza mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi ya kituo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni timu ya wakubwa watupu. Mtu anayepanga mafaili, anayeita majina na anayefagia anajua foleni inaanzia wapi kuliko mganga mfawidhi. Mwacheni aseme wa kwanza. Akishaongea mkubwa, wengine hukubaliana naye.

Tuchague tatizo gani la kwanza?

Lenye sifa tatu: linawagusa wagonjwa, lipo ndani ya uwezo wenu, na linapimika kwa vitabu mlivyo navyo. "Hatuna gari la wagonjwa" ni tatizo la kweli lakini halitatuliwi na timu ya zahanati. "Mama wanachelewa kuja kliniki" linategemea umbali, nauli ya bodaboda, shamba na mume. Liwekeni kwa baadaye. "Mama akifika kliniki mara ya kwanza anaondoka bila kupimwa wingi wa damu" ni lenu kabisa. Tuliendeleze hilo.

Lengo linaandikwaje?

Nani, nini, kutoka wapi, kufika wapi, lini. Kwa mfano: *Kufikia tarehe 30 Septemba, mama 8 kati ya kila 10 wanaohudhuria kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza wawe wamepimwa wingi wa damu siku hiyo hiyo, kutoka 4 kati ya 10 ya sasa.*

"Kuboresha afya ya mama na mtoto" halimwambii mtu afanye nini Jumatatu asubuhi. Na asilimia 100 iacheni, isipokuwa kwa mambo ambayo kukosea mara moja tu ni hatari, kama kumpa mgonjwa damu ya kundi lisilo lake.

Tunajuaje chanzo cha tatizo badala ya kubahatisha?

Tembeeni na mama. Ndiyo, kwa miguu. Mtu mmoja amfuate mama kutoka getini hadi anapotoka, aandike kila kituo na saa. Karatasi moja inatosha: amefika 2:10, ameitwa 3:05, amepimwa uzito 3:12, ameambiwa aende maabara 3:30, maabara imefungwa. Fanyeni hivyo kwa mama watano na ramani ya mtiririko imeshapatikana.

Ndipo mchore mfupa wa samaki, ule uliotokana na Mjapani Kaoru Ishikawa. Kichwani andikeni tatizo. Mifupa iwe watu, vifaa, utaratibu, mahali, na wateja. Samaki huyu ana udanganyifu wake: yote yaliyoandikwa yanaonekana yana uzito sawa. Hivyo hesabuni. Chukueni mama 30 waliokosa kipimo, wekeni sababu moja kwa kila mmoja. Tuseme mmepata hivi: mtu wa maabara hakuwepo 15, foleni ilikuwa ndefu akaondoka 8, kuveti (vichombo vidogo vya kuwekea damu) za mashine zimeisha 4, alipimwa lakini haikuandikwa 2, alikataa 1. Sababu mbili za juu zimebeba 23 kati ya 30. Elimu kwa wajawazito, ambayo ndiyo suluhisho linalopendekezwa kwenye kila kikao, ingemsaidia mama mmoja.

Halafu ulizeni "kwa nini" mara kadhaa. Kwa nini mtu wa maabara hakuwepo? Yuko peke yake, na siku ya kliniki huenda kufuata vitendanishi. Kwa nini siku ya kliniki? Kwa sababu ndiyo siku gari la halmashauri linapita. Hapo mmefika kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa. Mkifika kwenye jibu la "ni mzembe", rudini nyuma hatua moja, mmekosea njia.

Tupime vitu vingapi?

Vitatu hadi vitano, basi. Kimoja cha matokeo (mama waliopimwa siku hiyo hiyo), kimoja au viwili vya mchakato (siku za kliniki ambazo trei ya kipimo ilikuwa mezani imekamilika), na kimoja cha kuangalia kama mmeharibu kwingine (muda ambao mama anakaa kliniki). Hiki cha mwisho husahaulika. Unaweza kuongeza kipimo kimoja na kurefusha foleni kwa nusu saa, na mama wa mbali wakaacha kuja.

Data tuzitoe wapi? Hatuna kompyuta.

Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 6 kina wajawazito, namba 12 kina wanaojifungua, namba 13 mama baada ya kujifungua, namba 5 wagonjwa wa nje. Hesabuni kutoka kwenye kitabu chenyewe, si kwenye taarifa ya mwezi, kwa sababu taarifa imeshajumlishwa na makosa yamefichwa ndani ya jumla.

Mwanzoni tofautisheni "haikufanyika" na "haikuandikwa". Kisanduku kitupu hakikwambii ni kipi kati ya hivyo. Kubalianeni: aliyekosa huduma anawekewa alama ya mkasi na sababu, kisanduku hakiachwi wazi. Mara nyingi wiki mbili za kuandika vizuri hupandisha namba bila huduma kubadilika hata kidogo. Hayo ni mabadiliko ya kalamu, msiyasherehekee, na msianze kuhesabu msingi wenu (hali ya kuanzia) kabla hayajatulia.

Zahanati yetu ina wateja wachache. Asilimia zinarukaruka tu.

Hili ni swali zuri kuliko mengi. Wiki yenye mama wanne wapya, mmoja akikosa mnashuka hadi asilimia 75. Wiki ijayo wote wanapimwa na mnapanda hadi 100. Hakuna kilichobadilika. Acheni wiki, tumieni vikundi vya mama kumi wanaofuatana kwenye kitabu, na kila kikundi kiwe nukta moja.

Tuseme vikundi kumi vya nyuma, kutoka kitabu namba 6, vinatoa waliopimwa: 4, 3, 5, 6, 2, 4, 5, 4, 4, 3. Zipangeni kwa ukubwa: 2, 3, 3, 4, 4, 4, 4, 5, 5, 6. Namba mbili za katikati ni 4 na 4, kwa hiyo kati yake ni 4. Kwenye karatasi ya mirabaraba chora mstari wa kulala kwenye 4, weka nukta zako kwa mpangilio wa wakati, ziunganishe. Hiyo ndiyo chati ya mwenendo. Rula na penseli vinatosha.

Mkianza mabadiliko, nukta mpya ni 5, 7, 4, 6, 8, 7, 7. Je, mmepata kitu? Kanuni inasema nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari si bahati nasibu. Nukta iliyokaa juu ya mstari wenyewe haihesabiwi wala haikatishi mfululizo, hivyo ile 4 irukeni: 5, 7, 6, 8, 7, 7. Ni sita. Mmepata. Kanuni ya pili: nukta tano au zaidi zinazopanda tu au kushuka tu ni mwelekeo. Mkizilinganisha wastani za "kabla" na "baada" peke yake mtakosa kuona kwamba mambo yalianza kupanda kabla hamjafanya chochote.

Andikeni matukio kwenye chati: "muuguzi likizo", "mvua, barabara imekatika", "kuveti zimeisha". Kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, na chati isiyo na maelezo hayo itawafanya msifu au mlaumu mabadiliko kwa kazi ya mto.

PDSA moja inachukua muda gani?

Ya kwanza siku moja. Watu wengi huifanya miezi mitatu na kuiita PDSA, kumbe ni mradi. Tazama ndogo inavyokuwa:

Panga: Jumanne, muuguzi mmoja apime wingi wa damu wa mama watatu wa kwanza kwenye meza yake, kabla ya uzito, badala ya kuwapeleka maabara. Utabiri umeandikwa: wote watatu watapimwa, dakika tano kila mmoja. Tekeleza. Chunguza: wawili wamepimwa, wa tatu hakupimwa kwa sababu lanseti zilikuwa kabati la sindano na ufunguo alikuwa nao mtu wa zamu ya usiku. Chukua hatua: andaa trei.

Mzunguko wa pili ni trei: lanseti, pamba, spiriti, glovu, kuveti, mashine, na boksi la vyenye ncha kali karibu na mkono. Kopo la kuveti linaandikwa tarehe ya kufunguliwa na linafungwa kila baada ya kutoa moja, maana unyevu huziharibu. Mzunguko wa tatu ni siku nzima ya kliniki. Wa nne ni muuguzi mwingine, asiyependa wazo hili. Huyu ndiye mtihani wenyewe: utaratibu unaofanya kazi mikononi mwa mwenye wazo tu haujakomaa.

Utabiri usiuruke. Usipoandika ulichotegemea, matokeo yoyote yataonekana kama ulivyotegemea.

Je, semina ya siku moja inatosha kujifunza?

Kujua maneno, ndiyo. Kubadilisha kazi, ushahidi wa karibu yetu unasema vingine. Katika Hospitali ya Haydom, Manyara, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri zaidi kwenye mdoli, lakini huduma halisi chumba cha kujifungulia haikubadilika. Baadaye hospitali hiyo ikaweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vimepungua.

Kwa hiyo tunapendekeza nusu siku ya mafunzo, kisha dakika 30 kila wiki mbele ya chati, kwa miezi minne. Posho ya semina haimfundishi mtu kuchora nukta. Anayependa kusoma mtandaoni atapata kozi za IHI, taasisi ya uboreshaji wa huduma za afya iliyoko Boston, Marekani, ila ziandaliwe muda na kamusi.

Hii inahusianaje na tathmini ya nyota?

Tathmini ya nyota ilianza mwaka 2015 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, na kituo hupewa kuanzia nyota 0 hadi 5. Ni picha ya siku moja. Itumieni kuchagua tatizo: sehemu mliyopata alama ndogo ndiyo iwe mradi. Kituo kinachofanya usafi wiki moja kabla ya wakaguzi kinajulikana, na wakaguzi wanakijua.

Tunahitaji kibali? Na majina ya wagonjwa?

Kwa kuboresha kazi yenu wenyewe, ruhusa ya mganga mfawidhi na taarifa kwa timu ya afya ya halmashauri. Mkitaka kuyafanya utafiti wa kuchapisha, ombeni kibali cha maadili kabla ya kukusanya data, maana kibali hakirudi nyuma. Chati ya ukutani isiwe na jina wala namba ya kadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata ninyi. Na msibandike namba zinazomwonyesha muuguzi fulani kuwa wa mwisho. Mwezi unaofuata data zote zitakuwa nzuri, na hakuna hata moja itakayokuwa ya kweli.

Pesa?

Mwanzo unahitaji karatasi, penseli, rula na gundi. Yakihitajika zaidi, kama mashine ya pili, yaingizwe kwenye mpango wa mwaka wa kituo mkiambatanisha chati. Kamati huielewa chati haraka kuliko barua ya kurasa tatu.

Aliyeanzisha akihamishwa?

Hili hutokea kuliko yote, hasa kwenye zahanati za pembezoni. Wekeni faili moja lenye lengo, ramani ya mtiririko, chati ya sasa, na karatasi ya kila PDSA, zikiwemo zilizoshindwa, ili mgeni asizirudie. Anayeondoka achore nukta yake ya mwisho pamoja na anayebaki, na anayebaki achore inayofuata yeye mwenyewe kabla mwenzake hajapanda basi.